Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu: tuachieni kipanya mkononi

Waheshimiwa mlioshika usukani wa elimu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Niliingia darasani miaka 28 iliyopita nikiwa na chaki, ramani ya kutundika na kitabu kimoja cha kiada kilichokuwa kikizunguka madawati matatu. Siku hizi naingia na kompyuta mpakato kwapani. Nimeamua kuandika kwa sababu kila mnapokaa vikao kuhusu teknolojia mashuleni, maneno yanayotufikia huku chini ni yale yale: vijana wanajua, wazee wanaburuta miguu, basi wazee wapelekwe semina. Semina hiyo nimeipata. Naomba niwaeleze ilivyokuwa.

Ilikuwa ya siku mbili. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu ambaye kwa umri wake ningeweza kuwa nimemfundisha, na ukumbini tulichanganywa walimu wa masomo yote. Akawasha projekta. "Tunabofya hapa, tunashuka hapa, tunachagua hii, tunarudi hapa." Jirani yangu, mwalimu wa hisabati aliyebakiza miaka michache kustaafu, alikuwa ananakili hatua kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri: kwanza, alama ya vistari vitatu, pili, neno la tatu kutoka juu. Alipofika hatua ya nne, kule mbele walishafika ya kumi na moja. Akaniinamia na kuninong'oneza, "Mwenzangu, hivyo vistari vitatu viko wapi?" Hata mimi nilikuwa navitafuta.

Zamu yangu ya kupakia zoezi kwenye mfumo ilipofika, nilisita. Nilikuwa nasoma kilichoandikwa kwenye skrini, kama ninavyowafundisha wanafunzi wasome ufunguo kabla ya kuisoma ramani. Mkufunzi akadhani nimekwama. Akaja nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu, akachukua kipanya, akabofya mara nne. "Umeona, mwalimu? Rahisi tu." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeona kitu. Jioni nikapewa cheti, na kwenye vitabu vyenu nahesabika miongoni mwa walimu waliopata mafunzo.

Simlaumu yule kijana. Alikuwa na mada nyingi za kumaliza na saa chache, na kumtazama mtu anasitasita kwenye jambo ambalo vidole vyako vinalijua ni mateso. Hata mimi nikimwona mwanafunzi ameishika ramani juu chini, mkono unaniwasha. Lakini kazi yetu sote wawili, mimi na yeye, ni kuuzuia mkono huo.

Sasa niwapeleke chumba cha kompyuta. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa miaka 14 na 15 kazi ya kuchora grafu ya mvua ya miezi 12. Kulikuwa na binti mmoja hodari kwelikweli, wa wale wanaoandika ujumbe kwa vidole gumba viwili huku wanakutazama usoni. Alimaliza wa kwanza. Kesho yake nikamwambia afungue kazi yake aongeze mstari wa jotoridi. Haikuonekana.

"Uliihifadhi wapi?"

"Kwenye kompyuta, mwalimu."

"Kompyuta sehemu gani?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kikombe cha maji alichomwaga baharini kiko upande gani. Na hakuwa peke yake. Nusu saa nzima tulikuwa tunasaka grafu zilizopotea. Nilipotulia nikamwelewa. Kwenye simu picha hujipanga zenyewe, na ukitaka kitu unaandika neno kinajitokeza. Hajawahi kuhitaji kujua kwamba kila kitu kina mahali pake. Mimi nimepanga majalada kabatini tangu sijaigusa kompyuta: karatasi ndani ya jalada, jalada ndani ya droo, droo ndani ya kabati. Folda nilizijua kabla hazijawa za umeme. Nilimweleza kwa dakika kumi akaelewa, na lilikuwa somo jepesi kuliko yote niliyofundisha muhula ule.

Halafu akanifundisha yeye. Mstari wa jotoridi ulikuwa umelala chini kabisa, umefunikwa na nguzo za mvua, na mimi sikujua la kufanya. Yeye akaanza kubofya kila kilichokuwepo. "Utaharibu," nikamwambia. "Siharibu, mwalimu. Ukikosea unarudisha." Kwenye jaribio la sita au la saba mstari ukapata mhimili wake upande wa kulia, ukapanda juu. Pengo lenyewe nililiona siku ile. Mimi naogopa kugusa kwa sababu najua kuna vitu chini vinavyoweza kuharibika. Yeye haogopi kwa sababu hajui kama kuna kitu chini. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu yake.

Imani ya kwamba umri ndio ujuzi ina historia yake. Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky alitoa majina mawili yaliyosambaa kila mahali: wenyeji wa dijitali, yaani waliozaliwa humo, na wahamiaji, sisi tuliofika ukubwani. Alisema wahamiaji hatuachi lafudhi yetu, na mojawapo ya mifano yake ni mtu anayechapa barua pepe kwenye karatasi. Nakiri, lafudhi hiyo ninayo. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Australia, Sue Bennett na wenzake, walipoipekua hoja hiyo walikuta ushahidi wake ni mwembamba: vijana wenyewe wanatofautiana sana, wengine mabingwa, wengine hoi. Prensky mwenyewe, kufikia mwaka 2009, alikuwa ameanza kuyaacha majina yale na kuzungumzia hekima ya dijitali. Bahati mbaya majina yalishahamia kwenye hotuba zenu, na huko yamepata uraia.

Kama mwataka kipimo, kipo. Mwaka 2018 utafiti wa kimataifa uitwao ICILS uliwapima wanafunzi zaidi ya 46,000 wa mwaka wa nane wa shule. Hawakuulizwa kama wanapenda kompyuta; waliwekwa mbele yake wafanye kazi. Waliofika ngazi ya juu kabisa, ile ya kutafuta habari, kuipima na kuitumia bila kushikwa mkono, walikuwa 2 tu katika kila 100. Karibu 18 katika 100 hawakufika hata ngazi ya kwanza. Miaka miwili kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Stanford kiliwaonyesha wanafunzi wa Marekani wa umri huo huo ukurasa wenye habari na matangazo. Zaidi ya 80 katika 100 waliliona tangazo lililoandikwa wazi kuwa limelipiwa, wakasema ni habari.

Ufundishaji unaumia kuanzia hapo, na unaumia kimyakimya. Tukishaamini kwamba wanajua, tunaacha kufundisha. Mimi nimefanya hivyo. "Katafuteni mtandaoni sababu za mmomonyoko wa udongo": ndiyo kazi fupi kuliko zote niliyowahi kuitoa, na niliitoa huku najiona mwalimu wa kisasa. Madaftari yakarudi na aya moja, ile ya jibu la kwanza kutokea, mpaka kosa la tahajia likiwa lile lile daftari hadi daftari. Nikawakaripia kwa kunakili. Nani alikuwa amewaonyesha namna ya kusoma jibu la pili na la tatu, kuuliza aliyeandika ni nani na anauza nini? Mwalimu wa kompyuta alidhani ni kazi yangu, mimi nikadhani wamezaliwa nayo.

Na tukishaamini kwamba sisi wakongwe hatujui, tunajificha. Ninawajua walimu wazuri sana, watu ambao wangeweza kufundisha mwendo wa mwezi kwa chungwa na mshumaa, ambao sasa wakiingia kwenye chumba chenye projekta wanapiga picha kurasa za kitabu na kuzimulika ukutani, wakisoma kwa sauti. Somo limekuwa baya kuliko la ubaoni. Ubaoni mwalimu alichora taratibu, na mwanafunzi aliona mto unazaliwa mlimani mpaka unafika baharini. Ukutani mto umeshafika kabla hajashika kalamu. Mkaguzi akija anaandika: teknolojia imetumika.

Kuna mwalimu kijana wa baiolojia pale kwetu. Siku aliyoripoti kazini alikuwa na miaka 26, na hakumaliza chai yake kabla hajatangazwa fundi wa ofisi nzima. Printa ikikwama, aitwe. Nywila ikisahaulika, aitwe. Wiki ya kuingiza alama kwenye mfumo ndiyo inayomkomesha: anaingiza za kwake, kisha za nusu ya walimu. "Mwanangu, niingizie na hizi, macho yangu hayaoni vizuri." Nywila zetu tunampa kwenye vipande vya karatasi. Macho yangu yanaona sawasawa, nami nilimpa changu. Kwa hiyo kuna orodha za alama zenye majina yetu ambazo hatukuzigusa, na siku kosa likitokea atakayeulizwa ni mmoja na aliyebofya ni mwingine.

Hilo mtaliona ni dogo, nami ndilo linaloniuma kuliko yote. Saa anazotumia kutubeba ndizo alizopaswa kuandaa vipindi vyake. Muhula wake wa kwanza darasa lilimshinda. Nilikuwa nasikia kelele kutoka chumba cha pili, nikajiambia atazoea. Hakuna mkongwe aliyekwenda kukaa naye kumwonyesha kwamba darasa linashikwa kabla hujafungua mdomo, pale mlangoni. Kwamba swali ulitupe kwanza ndipo umtaje mwanafunzi, ukitaja jina kwanza wengine wote wanalala. Mambo hayo hayamo kwenye mfumo wowote. Tulimchukulia saa zake bila kumpa kitu, na hata tulichokichukua hatukujifunza, kwa sababu alifanya kama yule mkufunzi: alibofya yeye. Wala msidhani kwamba yeye alishajua kufundisha kwa vifaa hivi. Kutumia kitu na kufundishia kitu ni kazi mbili. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alishasema kwamba kulijua somo hakutoshi bila kujua namna ya kulifundisha somo hilo hasa, na mwaka 2006 watafiti Mishra na Koehler wakaongeza teknolojia kwenye hesabu hiyo hiyo. Kijana anaijua simu. Mimi najua ni wapi kwenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko kwenye ramani, wanafunzi hupotea kila mwaka. Hatukuwahi kukalishwa meza moja.

Tulikaa mara moja tu, tena kwa ajali. ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika jibu la swali lolote unaloiuliza, ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, na haikupita muda nikapokea insha ya mmomonyoko wa udongo kutoka kwa mvulana ambaye tangu nimjue hajawahi kumaliza sentensi kwa nukta. Insha ilikuwa laini kama kioo. Nilijua si yake. Mwandiko wa mtu una sauti, nami sauti yake ninaijua. Ila sikuweza kusema imetoka wapi. Nikampelekea yule mwalimu wa baiolojia. Akaiuliza akili mnemba swali lile lile mara tatu, akachapa majibu, akayatandaza mezani pembeni ya insha. Mpangilio ulikuwa uleule, mifano ileile, hata "kwa upande mwingine" ilisimama mahali palepale. Yeye alitaka tumpe sifuri. Mimi nikasema tumwite kwanza. Tukamwomba atueleze aya mbili kwa mdomo. Ya kwanza aliieleza vizuri kuliko ilivyoandikwa. Ya pili hakujua hata imezungumzia nini. Kumbe alianza mwenyewe akachoka. Tukaibadilisha kazi darasa zima: nendeni kwenye mteremko ulio karibu na mnapoishi, pimeni kwa hatua, chora, andika ulichokiona, kisha ruksa uiulize mashine uone imekosea wapi. Peke yangu ningemkaripia bila ushahidi. Peke yake angempa sifuri ya haraka.

Najua wapo wanaowashauri mnunue programu ya kuwanasa wanafunzi wa namna hiyo. Kabla hamjatia saini, kumbukeni kwamba OpenAI, wenye ChatGPT wenyewe, walitoa kitambuzi chao Januari 2023 na wakakiondoa Julai mwaka huo huo kwa kukosa usahihi. Kwa takwimu zao wenyewe kilikuwa kinanasa 26 tu katika kila maandishi 100 ya mashine, na kikiwasingizia watu 9 katika 100 walioandika kwa mikono yao.

Tukirudi kwenye ununuzi, ambao ndio mnaoupenda (mnisamehe), Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto kwa mamia ya maelfu. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 319 za msingi, yaliyotolewa mwaka 2012, yalionyesha kwamba alama za hisabati na lugha hazikupanda. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, nayo mwaka 2015 iliangalia nchi zilizomwaga fedha nyingi kwenye kompyuta za shule, ikakuta hazikuwa na maendeleo ya kuonekana katika kusoma, hisabati wala sayansi. Sisemi vifaa virudishwe. Nasema vimetangulia, na mtu wa kuvishika ameachwa nyuma akiwa na cheti.

Tena msiseme kwamba wakongwe hawafundishiki. Mwaka 2020 shule zilipofungwa na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wakabaki nyumbani, yule jirani yangu wa semina, mwalimu wa hisabati, alianza kujirekodi akieleza milinganyo. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye rundo la vitabu, ikitazama karatasi na mikono yake. Video ya kwanza ilikuwa juu chini. Ya nne ilikuwa somo, na wanafunzi wa shule nyingine wakaanza kuiomba. Nikamuuliza nani kakufundisha. Mjukuu wake wa miaka 11. "Alinionyesha mara moja akaenda kucheza," akasema. "Nikawa nakosea peke yangu."

Basi haya ndiyo ninayoomba. Acheni semina za ukumbi za kuchanganya masomo yote. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 inasema bidhaa za teknolojia ya elimu hubadilika kila baada ya miezi 36 kwa wastani, kwa hiyo mnachotufundisha kubofya leo kitakuwa kimekufa kabla daftari la jirani yangu halijajaa. Tufundisheni kwa somo: walimu wa jiografia na ramani zao, wa lugha na insha zao, kila mtu akiwa na kazi ya kweli ya wiki ijayo mkononi. Na mkufunzi afungwe mikono nyuma ikibidi. Ni marufuku kugusa kipanya cha mwalimu.

Ombi kubwa zaidi ni vipindi viwili kwa wiki. Mpunguzieni mkongwe mmoja vipindi viwili, na kijana mmoja vipindi viwili, muwakalishe pamoja waandae somo moja, wakaliingie darasani wote wawili. Kijana asiwe fundi na mkongwe asiwe bosi. Mtasema ratiba haina nafasi. Nafasi ipo, imelala kwenye zile fomu tunazojaza mara mbili, mara moja kwenye karatasi na mara ya pili kwenye mfumo, kwa sababu baadhi yenu bado mnataka nakala ya karatasi. Lafudhi hiyo siyo yangu peke yangu.

Suala la nywila mlimalize kwa waraka mmoja: kila mwalimu aingize alama zake, apewe muda wa kutosha wa kuziingiza polepole, na asichekwe. Nimeanza mwenyewe. Muhula huu nimetumia siku tatu kwa kazi ambayo yule kijana angeifanya saa moja, na nilipokwama alikaa pembeni yangu, mikono mfukoni, akisema tu, "Soma hapo juu, mwalimu."

Na mkimtuma mkaguzi, asikae nyuma ya darasa na fomu. Aje chumba cha kompyuta, akae kando ya mwanafunzi yeyote amtakaye, amuulize grafu ya wiki iliyopita iko wapi. Yule binti niliyewaeleza yuko dawati la pili karibu na dirisha. Siku hizi folda zake zimepangwa kuliko zangu, na mkaguzi akikwama atamsaidia, ingawa nimemkanya asimnyang'anye kipanya.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa jiografia